Damu ya Nthiwa Siku ya Kumi na Mbili

Watu wengi wa mji wa Salama walimfahamu Nthiwa kwa kumtazama juu. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kilichompa jina si mageti na madirisha ambayo kila fundi wa kando ya barabara kuu huunda, bali minara ya kubebea matangi ya maji. Ukisikia shule au kanisa lolote kati ya Salama na Kasikeu limeinua tangi la lita elfu kumi, basi aliyekaa juu ya vile vyuma, mguu mmoja ukining'inia hewani, alikuwa yeye. Wenzake walisema Nthiwa hajui woga ni nini. Yeye hakuwabishia. Alikuwa ametimiza miaka arobaini na mitatu bila kuonana na woga huo ana kwa ana.

Asubuhi moja ya mwezi wa pili alikuwa mita tisa kutoka chini, kwenye mnara wa shule moja karibu na Kasikeu, alipouona mkono wake wa kushoto ukitikisika wenyewe. Aliutazama kama mtu anayetazama mkono wa jirani. Akaukaza, haukumsikia. Kisha harufu ya mpira unaoungua ikamjaa puani, ingawa hapakuwa na mpira uliokuwa ukiungua, na baada ya hapo hakujua lililoendelea. Siku hiyo alikuwa amejifunga mkanda kwa sababu mwalimu mkuu alikataa katakata apande bila mkanda. Siku nyingine asingeugusa. Walimkuta akining'inia kama gunia, mwili ukimrukaruka, povu mdomoni. Ilihitaji wanaume watano na ngazi mbili kumshusha.

Picha ya kichwa ilionyesha uvimbe upande wa kulia wa ubongo. Alipasuliwa Nairobi, wakatoa walichoweza kutoa, na kipande kilichopelekwa maabara kikaja na jibu baya: saratani, tena ya aina ile ambayo hata ikikatwa hurudi. Akaanzishiwa vidonge na miale ya kuchoma uvimbe.

Mpaka hapo Nthiwa alikuwa bado anajikaza. Alimwambia mkewe, Nduku, mwalimu wa chekechea, "Mama Kanyiva, chuma kikiingia kutu unakwangua, unapaka rangi, kazi inaendelea." Vidonge ndivyo vilivyomvunja. Wiki ya sita ufizi ulianza kutoa damu bila kuguswa, na miguuni pakatokea vidoa vyekundu kama vya kalamu. Walipopima damu, chembe nyeupe, zile askari wa mwili, ambazo mtu mzima anapaswa kuwa nazo elfu nne na zaidi, zilikuwa zimebaki mia nne. Dawa ilikuwa imeua uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu.

Alilazwa wiki mbili. Kitanda cha pili alilala mzee mmoja kutoka mji wa Wote aliyeitwa Muthama, mcheshi, mwenye saratani nyingine lakini askari wachache vilevile. Jumanne Muthama alikohoa mara mbili tatu akanywa chai. Jumatano kabla ya saa nne asubuhi walikuwa wamemfunika shuka.

"Saratani imemuua upesi hivyo?" Nthiwa alimuuliza muuguzi.

"Si saratani. Ni kile kikohozi. Hakuwa na damu ya kupigana nacho."

Hapo ndipo woga ulipompata Nthiwa, na ulimpata kama mtu aliyekuwa akimdai deni la miaka mingi. Mtu akipiga chafya kwenye korido, aligeuza uso ukutani. Alipima joto lake kwa kiganja mpaka ngozi ya shingo ikachubuka. Mtu aliyekuwa akitembea juu ya chuma chenye upana wa kiatu sasa aliogopa kikombe kilichooshwa vibaya.

Vidonge vikasimamishwa. Na uvimbe, kwa kuwa sasa hapakuwa na kinachouzuia, ukaanza kukua tena.

Aliyewaita ofisini, yeye na Nduku, alikuwa daktari wa saratani, mwanamke mwembamba wa Garissa mwenye hijabu ya kijivu, Daktari Istahil. Alikuwa akisimamia utafiti mdogo wa watu wachache. Alivuta kiti akaketi karibu nao, si nyuma ya meza.

"Wewe ni fundi, sindiyo? Basi nitakueleza kifundi," alianza. "Ile dawa inakata seli za uvimbe. Lakini uvimbe wako uko na fundi wake ndani. Dawa ikikata, yeye anaziba. Inakata, anaziba. Ndiyo maana haikufanya kazi vizuri. Sasa, tuko na dawa ya pili, ya kumfunga huyo fundi mikono. Tukimfunga, uvimbe hauna mtu wa kuutengeneza."

"Mfungeni basi," Nthiwa alisema.

"Shida ni kwamba fundi kama huyo yuko kwenye uboho wako pia. Tukifunga mmoja tumefunga wote. Uliona uboho wako ulivyofanya na dawa moja. Ukipata zote mbili bila kinga, utamalizika wewe kabla ya uvimbe."

Akaeleza kinga yenyewe. Wangetoa kwenye damu yake zile seli shina, mbegu ambazo uboho huota kutoka kwazo. Wangezitia jeni moja, maagizo ya kutengeneza fundi wa aina nyingine, ambaye mikono yake haifungiki. Kisha wangemrudishia. Zikishika mizizi, uboho wake ungestahimili dawa ambazo uvimbe usingezistahimili.

"Hiyo jeni inaingia vipi kwenye seli?" Nduku aliuliza.

Daktari Istahil hakukwepa. "Inabebwa na kirusi. Kimetolewa sumu yote, hakiwezi kuzaana wala kuambukiza mtu. Lakini sitawaficha ukoo wake. Kimeundwa kutokana na kirusi cha UKIMWI."

Nthiwa alisimama akatoka nje. Nduku alimkuta kwenye ngazi za nyuma, amejishikilia vyuma vya pembeni kwa mikono miwili.

Kakake mkubwa, Mutisya, alikufa kwa ugonjwa huo miaka ile ambayo watu wa nyumbani walikuwa wakisugua kikombe cha mgonjwa kwa majivu na kukitenga. Nthiwa ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani. Alijua uzito wa mtu mzima akiwa amebaki mifupa. "Wanataka kunitia kile kilichommaliza Mutisya," alisema. "Tena nitie sahihi mwenyewe."

"Baba Kanyiva, mimi pia naogopa," Nduku alisema. "Naogopa hiki, na naogopa tukirudi nyumbani bila hiki. Kama ningekuogopea upande mmoja tu, ningekuambia ni upi."

Walirudi Salama kufikiria. Kanisani waliombewa, na baada ya maombi mzee mmoja wa kanisa akamvuta kando. "Ndugu, ukishabadilishwa jeni, siku ya ufufuo utafufuka kama nani?" Aliuliza kwa upole, lakini swali lilimkaa Nthiwa rohoni siku nne. Siku ya tano alimpigia daktari simu akamuuliza vilevile alivyoulizwa.

Daktari Istahil alicheka kidogo. "Hilo hata mamangu Garissa aliniuliza. Seli ni zako, Nthiwa. Uso wako, akili yako, watoto wako, hakuna kinachoguswa. Ni damu tu inayofunzwa jambo moja." Kisha sauti ikabadilika. "Lakini kuna hili, na ni heri ulisikie kwangu. Jeni inaweza kuingia mahali pabaya, na miaka ikipita, ikaleta saratani ya damu. Haitokei sana, lakini inaweza kutokea. Na inawezekana tufanye haya yote, uboho upone, uvimbe ukatae."

Ajabu ni kwamba maneno hayo ndiyo yaliyompa nguvu ya kutia sahihi. Mtu aliyempa mabaya yote kwa mdomo wake mwenyewe, aliona, huenda hata mazuri hayaongezei chumvi. Aliandika jina lake kwenye ile karatasi, nalo likasomeka kama la mtoto.

Walimdunga sindano asubuhi tano za kuziamsha zile mbegu zitoke mifupani ziingie kwenye damu, na nyonga zikamuuma kama zinagongwa nyundo kwa ndani. Kisha mashine: damu ikitoka mkono mmoja, ikizunguka, ikirudi kwa mwingine, saa tano mfululizo, naye hathubutu kukunja kiwiko. Mfuko uliojazwa ukasafirishwa ng'ambo, kwenye maabara yenye uwezo huo. Nthiwa, ambaye hajawahi kupanda ndege, alikaa wiki tatu akiwaza kwamba sehemu yake imevuka bahari, na itakuwaje ikipotea.

Haikupotea. Alipewa kwanza dawa kali ya kufungua nafasi ubohoni mwake, ikamtapisha siku mbili, ndipo ule mfuko ukaletwa, mdogo kuliko pakiti ya maziwa, ndani yake maji mekundu yasiyo na ajabu yoyote. Yaliposhuka kupitia mrija waliomwekea kifuani, chumba kizima kikanuka kama mahindi yaliyochemshwa pamoja na kitunguu saumu. Ni dawa ya kuhifadhia, waliambiwa. Nduku alifungua dirisha. Dakika kumi na tano, kwisha.

"Ni hayo tu?" Nthiwa aliuliza.

"Ni hayo tu," alisema Daktari Istahil. "Sasa tunangoja."

Zile seli zilishika. Siku ya kumi na tatu askari wa kwanza walionekana kwenye damu. Wakampa zile dawa mbili kwa kipimo kidogo, wakimchunga hapohapo wodini. Askari wakashuka, wakapanda tena. Mzunguko wa pili ulikuwa wa kipimo kamili. "Hiki ndicho kipimo ambacho mtu asiye na hizo seli hawezi kukibeba," daktari alimwambia wazi. "Damu hushuka zaidi kati ya siku ya kumi na siku ya kumi na nne. Joto likifika thelathini na nane, usinywe dawa ya nyumbani, usilale uone. Hospitali iliyo karibu, saa hiyohiyo, na unipigie."

Nyumba yao ya Salama ilikuwa imepakana na barabara, malori yakipumua moshi dirishani kutwa. Kwa hiyo walienda kwa akina Nduku, nje kidogo ya Kabati, upande wa Kitui, kwenye hewa safi. Na hapo Nthiwa akapata taabu nyingine, kwa sababu mwenye boma alikuwa mama mkwe wake, Kaluki.

Wakamba wana kitu wanachokiita nthoni, ile haya ya heshima kati ya mkwe na mama mkwe. Kaluki, mwenye miaka sabini na mmoja, aliishika kama amri. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kumgusa mkwewe, hakuwahi kula mbele yake, wala kuingia chumba alicholala. Sasa alimletea uji mpaka nje ya mlango, akakohoa kidogo kumjulisha, akaondoka. Nthiwa naye alizidiwa na aibu ya kulala mchana kwenye boma la mkwe kama mtoto mchanga.

Siku ya kumi na mbili Nduku aliondoka asubuhi kwenda Kitui mjini kuchukua dawa za kuzuia degedege, ambazo zilikuwa zimekwisha Kabati. Saa saba mchana Nthiwa alihisi baridi. Nje jua lilikuwa linachoma bati. Akatia kipimajoto kwapani akasubiri macho yakiwa yamefumbwa. Kilisoma thelathini na nane na nusu. Akakipangusa, akarudia. Thelathini na nane na pointi tisa.

Alimwona Muthama wa Wote akinywa chai yake.

Alipiga simu ya Nduku; haikupatikana. Ya daktari ililia bila kupokelewa. Meno yalianza kugongana. Alijaribu kusimama, akaanguka tena kitandani, na hapo Nthiwa akafanya jambo ambalo asingelidhania: akamwita mama mkwe wake kwa sauti ya kupasuka. "Mwaitu! Mama! Nakufa!"

Kaluki alifika mlangoni akasita, kiasi cha mtu kuvuta pumzi moja. Kisha akaingia. Akamshika paji la uso kwa kiganja chake kikavu.

"Unachomeka," alisema. "Wale daktari walisema aje?"

"Hospitali. Saa hii hii."

"Basi inuka. Nishikilie."

"Mwaitu, siwezi kukushika."

"Nthoni ni ya watu wazima wa afya. Shika."

Alimfunika ule mrija wa kifuani kwa karatasi ya nailoni, akaizungushia leso yake na kuifunga fundo. Wakatoka. Kutoka bomani mpaka barabarani ni mwendo wa dakika kumi na tano, lakini katikati pana mto wa mchanga, ambao karibu mwaka mzima watu huuvuka kwa viatu vikavu. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha juu, milimani, na maji ya rangi ya udongo yalikuwa yanashuka. Nthiwa aliposikia mngurumo wake, alikaa chini kwenye nyasi.

"Maji machafu haya yakiniingia nimekwisha," alisema. "Sina askari hata mmoja. Heri nife hapa pakavu."

Kaluki aliingia majini na fimbo akipima kina, akafika katikati, maji mapajani, akarudi. "Yanapanda. Tukikaa kidogo hatutavuka tena. Mwanangu Nduku nitamwambia nini? Kwamba nilikuona ukiogopa nikakuogopea?"

Alimshika kiuno, mkono wa mkwe ukiwa mabegani mwake, na wakaingia. Mchanga ulikuwa unachimbika chini ya nyayo kila hatua. Mara moja Nthiwa alitereza, akapiga ukelele, na yule mama mkongwe akamshika mshipi wa suruali akamsimamisha. Upande wa pili wote wawili walikuwa wanatetemeka, mmoja kwa homa, mwingine kwa uzee na baridi, na Nthiwa alikuwa analia waziwazi.

Ilikuwa siku ya soko la mbuzi. Lori la kwanza kusimama lilikuwa la Aftin, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa akija Kabati kila wiki. Alimtazama mgonjwa, akamtazama mama aliyeloa mpaka kiunoni, akafungua mlango wa mbele. "Panda, mzee. Mama, na wewe panda."

Njiani kuelekea Kitui macho ya Nthiwa yalianza kujifumba. Aftin alimgusa goti. "Mzee, usilale. Kazi yako ni gani?"

"Vyuma. Minara ya tangi."

"Nifundishe. Nataka kujenga moja kwangu. Naanza wapi?"

"Msingi," Nthiwa alisema, meno yakigonga. "Wengi wanakosea kwa msingi. Chimba futi nne. Udongo mwekundu, chimba tano."

"Halafu?"

"Halafu miguu. Usisimamishe wima kabisa. Iinamishe ndani kidogo." Akaendelea hivyo, neno kwa neno, mguu kwa mguu, mpaka mnara ukafika juu na lango la hospitali likaonekana.

Nduku, ambaye hatimaye alipatikana njiani kwa simu ya Aftin, alikuwa tayari mlangoni. Walimtenga chumba cha peke yake, wakamchoma dawa ya kuua vijidudu bila kungoja majibu, wakachukua damu. Majibu yalichukua saa moja na dakika ishirini. Nthiwa alimshika mkewe kidole kimoja akawa anampa maagizo: Kanyiva amalize shule, mashine ya kuchomelea isiuzwe kwa mtu wa Emali, azikwe karibu na Mutisya.

Daktari kijana wa zamu aliingia na karatasi, simu sikioni. Daktari Istahil alikuwa upande wa pili.

"Chembe nyeupe, elfu tatu na mia moja," alisoma.

"Soma tena," sauti ya simuni ikasema. "Polepole."

"Elfu tatu na mia moja. Zile za kugandisha damu ziko chini kidogo, si vibaya. Lakini ameonekana na malaria."

"Malaria?" Nduku aliuliza.

"Malaria."

"Si kweli," Nthiwa alisema. "Mmechanganya chupa. Pimeni tena." Naye hakunyamaza mpaka wakapima tena, kwa damu nyingine, mbele ya macho yake. Ilikuja elfu tatu kamili. Siku ya kumi na mbili ya kipimo kamili, mahali ambapo vidonge peke yake vilikuwa vimemwachia mia nne, uboho wake ulikuwa bado unafanya kazi.

Nduku aliketi sakafuni, mgongo ukutani, akacheka mpaka akashindwa kupumua. Kaluki, aliyekuwa amesimama nje ya mlango na leso iliyoloa, aliuliza ni nini kinachochekesha. Alipoambiwa ni malaria, alisema, "Na nimevuka mto kwa sababu ya mbu," kisha akafunika uso wake.

Nthiwa alipata mizunguko mingine minne. Kila mmoja ulimtisha kama wa kwanza; damu ilishuka, ikasimama, ikapanda. Uvimbe ulipungua mpaka ukawa doa, na doa hilo limekaa hapo. Imepita mwaka mmoja na miezi minane. Daktari Istahil hajawahi kutamka neno kupona, na Nthiwa ameacha kulingojea. Hapandi tena. Anaunda minara chini, ikiwa imelazwa, na vijana wengine ndio wanaoipandisha.

Kila baada ya miezi mitatu huenda Nairobi kupigwa picha ya kichwa, na wiki nzima ya kabla yake huwa halali vizuri wala hawezi kumaliza sahani. Mara ya mwisho, akiwa na Nduku, alikuta kwenye benchi mwanamke kijana aitwaye Sabrin, karatasi za ule utafiti zikiwa mapajani, hazijatiwa sahihi. Muuguzi alikuwa amemwambia amuulize yule fundi.

"Uliogopa?" Sabrin aliuliza.

"Sana. Na leo naogopa. Hebu nishike mkono."

Akamshika. Ulikuwa baridi, umejaa jasho.

"Sasa kwa nini ulikubali?"

"Niliogopa zaidi upande ule mwingine, wa kukataa," Nthiwa alisema. "Lakini mimi sikusukumi. Uliza maswali yote, hata ya kijinga. Mimi niliuliza mpaka habari za ufufuo."

Sabrin alitaka kuuliza jambo lingine, lakini jina la Nthiwa liliitwa kutoka chumba cha mashine. Alitoa mshipi, saa na funguo, akamkabidhi Nduku, akaingia.